Kwa Nini Angani Wote Wanasema Kiingereza?

Wachapishaji huru wa vibonzo barani Afrika wamefanya kazi kubwa katika miaka hii kumi na zaidi, na mimi ni mmoja wa wanaowashangilia. Walichoka kusubiri kampuni kubwa za Marekani ziwachoree shujaa mweusi, wakamchora wenyewe, wakatafuta fedha za uchapaji wenyewe, wakauza vitabu wenyewe. Lakini pamoja na vitabu hivyo wametuuzia uongo mmoja, na kwa kuwa umechorwa vizuri sana, wasomaji wengi hawauoni. Uongo wenyewe ni huu: kwamba siku Mwafrika atakapomiliki roboti na chombo cha kwenda mwezini, atakuwa amekwisha kuiacha lugha yake.

Fungua riwaya ya picha iitwayo E.X.O.: The Legend of Wale Williams. Mwandishi wake ni Roye Okupe, Mnigeria anayeishi Marekani. Alianza kuichapisha mwaka 2015 kupitia kampuni yake ndogo ya YouNeek Studios, na mwaka 2021 ikatolewa upya kwa ushirikiano na Dark Horse. Hadithi inatokea katika mji uitwao Lagoon City, mwaka 2025, mwaka ambao kitabu kilipotoka ulikuwa bado mbele. Wale anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, baba yake mwanasayansi ametoweka, naye anakuta ameachiwa vazi la ajabu linalompa nguvu. Ni hadithi tamu, sitamkataza mtu kuisoma. Majina ni ya Kiyoruba. Nyuso ni zetu. Kisha angalia ndani ya viputo vya maneno: Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 2025 umekwisha kufika, na Lagos ya kweli bado inanunua nyanya kwa Kiyoruba na Pijini.

Simtaji Okupe kwa sababu yeye ni mbaya kuliko wengine. Ninamtaja kwa sababu ni mmoja wa walio bora, na kielelezo chake kinaigwa. Kugali nao, kampuni ya Wanigeria wawili na Mganda mmoja, Hamid Ibrahim, walianza na vibonzo vyao, wakatamka hadharani kwamba wataibwaga Disney, hadi Disney wenyewe wakawaita mezani. Matunda yake ni Iwájú, mfululizo wa katuni uliotoka Februari 2024, kuhusu Lagos ya siku zijazo. Jina ni la Kiyoruba na maana yake inahusu wakati ujao. Maneno ya Kiyoruba na Pijini yamenyunyizwa humo kama chumvi, lakini chakula chenyewe ni Kiingereza.

Mtanijibu kwamba hao ni watu wa Afrika Magharibi, na Kiyoruba kina wenyewe wa kukipigania. Ni kweli. Basi tuje kwetu. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyiko wa filamu fupi kumi za bunilizi za kisayansi, zilizotengenezwa na wasanii wa Kiafrika, wengi wao wakiwa wa rika na nasaba moja na hawa wachora vibonzo. Uganda imo, kwa filamu ya Raymond Malinga kuhusu wafugaji ambao miili yao ni nusu mashine. Kenya imo. Mkusanyiko huo unaitwa Kizazi Moto. Kiswahili kiko juu ya mlango, kimeandikwa kwa herufi kubwa zinazowaka, na ukishaingia ndani mwenyeji anakupokea kwa Kiingereza. Sijui kama kuna mfano ulio wazi kuliko huo wa kazi tunayopewa: Kiswahili ni kibao cha dukani.

Wala si kazi mpya. Mwaka 1966 Wamarekani walipoanza kuonyesha Star Trek, mmoja wa mabaharia wao wa angani alikuwa mwanamke mweusi aliyeitwa Uhura, jina lililotengenezwa kutokana na neno letu uhuru. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba mwaka huo, Uhura anasemeshana sentensi chache za Kiswahili na kiumbe aliyejigeuza kuwa mwanamume mzuri. Kwa hiyo Kiswahili kilifika angani kabla mwanadamu hajakanyaga mwezi! Kilifika, kikasema sentensi chache, kikaambiwa kikae pembeni. Baadaye Disney wakachukua maneno mawili, hakuna matata, wakayasajili Marekani kuwa alama yao ya biashara, na maelfu ya watu wakatia saini kupinga mwaka 2018. Hao angalau tulijua ni wageni. Ninachouliza ni kwa nini ndugu zetu, walio huru, wanatutendea yale yale.

Nieleze kwa nini ninashikilia bunilizi za kisayansi na kuziacha aina nyingine. Riwaya ya kihistoria ikiandikwa kwa Kiingereza, msomaji anajua kwamba mwandishi amemtafsiria. Hakuna anayeamini kwamba Mtemi Mirambo au Kabaka Muteesa aliwaamuru watu wake kwa Kiingereza. Wakati uliopita una mashahidi: makaburi, nyimbo, wazee. Wakati ujao hauna shahidi hata mmoja. Kile mchoraji anachokiweka katika mwaka 2125 ndicho tunachokiona, na asichokiweka hakipo. Msichana wa Jinja akisoma vitabu kumi vya namna hii, na katika vyote kumi kila mtu mwenye akili, mwenye chombo, mwenye mashine anasema Kiingereza, huku lugha za Kiafrika zikibaki kwa bibi anayekufa ukurasa wa nne, kwa mizimu na kwa majina ya vyakula, hahitaji mtu kumwambia lolote. Amekwisha kuelewa lugha ipi ina kesho na ipi ni ya matanga.

Kwetu Uganda jambo hili lina uchungu wa pekee. Kiswahili hakikuingia kwetu kwa mashairi. Kiliingia kwa misafara ya biashara, kisha kikakaa katika kambi za askari wa King's African Rifles, katika jeshi na polisi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kukipinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na hakuna tangazo lililokiumiza zaidi ya hilo. Mpaka leo, ukimsemesha mtu wa makamo Kampala kwa Kiswahili, huenda akaangalia kwanza kama una bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni vizuri. Lakini mtoto aliyelazimishwa kujifunza lugha, akatoka darasani bila kitu chochote cha kusoma kwa raha katika lugha hiyo, amepewa mtihani mwingine tu. Tumemwondolea Kiswahili cha amri ya askari, tukampa Kiswahili cha amri ya mwalimu.

Sasa fikiria kibonzo ambamo msichana wa Jinja anatengeneza roboti kwa vipuri vya bodaboda, na kumtukana kwa Kiswahili anapogoma kuwaka. Fikiria roboti anajibu. Hakuna waraka wa wizara unaoweza kufanya kazi hiyo. Lugha inabadilisha sura pale inapobadilisha msemaji, na bunilizi za kisayansi ndizo zenye uwezo wa kutuletea msemaji ambaye hajawahi kubeba bunduki, kwa sababu bado hajazaliwa.

Hapo ndipo ninapokatizwa kila mara. Kiswahili, wanasema, hakina maneno ya sayansi. Mchapishaji mmoja aliniambia hivyo mbele ya meza yake kwenye maonyesho ya vitabu hapa Kampala, akitabasamu kama mtu anayemwonea huruma mtoto. Jina lake nitaliacha. Hoja yake sitaiacha.

Sayari tunazijua kwa majina tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Wakulima wanakijua Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima kwa kuwa lilikuwa kalenda yao. Darubini ipo, hadubini ipo, setilaiti ipo na imekwisha kuswahilishwa. Kwa ile akili ya kompyuta inayozungumzwa dunia nzima, sisi tunayo maneno mawili, akili mnemba na akili unde, na watu wanabishana lipi libaki. Watu wanaolia kwamba hatuna neno wangepitia kwanza kwenye ubishi huo.

Lakini orodha ya istilahi si jibu langu kuu, maana vibonzo havisomwi kwa ajili ya istilahi. Jibu langu kuu ni bahari. Mimi sikuzaliwa pwani. Bahari ninayoijua ni Nalubaale, ambayo Waingereza waliipa jina la malkia wao. Hata hivyo kila mwanafunzi wa Kiswahili anakutana na msamiati wa watu waliosafiri karne nyingi kwa pepo za kusi na kaskazi: nahodha, usukani, tanga, nanga, dira, bandari, shehena. Neno chombo lilikuwa jahazi kabla ya kuwa kitu cha angani. Rubani alikuwa mtu wa kuongoza vyombo majini, na ndege zilipokuja akapanda juu bila kubadilisha jina. Lugha hii imekwisha kufanya safari ya kutoka majini kwenda hewani, na hatua iliyobaki ni moja. Wataalamu wanazungumza sasa juu ya vyombo vinavyosukumwa na mwanga wa jua vikiwa na kitambaa kipana chembamba. Katika Kiswahili hicho ni tanga, na anayekitweka ni baharia. Mwandishi wa Kiingereza naye hutumia maneno ya merikebu kwa vyombo vya angani, na hakuna aliyemwambia kwamba lugha yake ni ya wavuvi.

Na kuna jambo ambalo linanikasirisha zaidi, kwa sababu tunalo mkononi na tunalitupa. Kibonzo hakina sauti, kwa hiyo sauti lazima iandikwe, kwa herufi kubwa zinazopasua fremu. Waingereza na Wamarekani wana maneno yao ya mlipuko na kishindo, na wachoraji wetu wanayanakili kama yalivyo, hata bomu likilipuka Mombasa linalipuka kwa Kiingereza. Sisi darasani tunakariri tanakali za sauti. Tunazikariri kwa ajili ya mtihani, tunajaza nafasi zilizoachwa wazi, tunapata alama tano, tunasahau. Hebu zitazame kwa jicho la mchoraji. Kitu kikianguka majini ni chubwi. Kikianguka matopeni ni tapwi. Kikianguka mchangani ni tifu. Mchoraji wa chombo cha angani kinachoanguka hahitaji hata kuchora kilipoangukia: tifu, na tunajua ni jangwa la Mirihi, chubwi, na tunajua ni Nalubaale, tapwi, na masikini nahodha yumo kwenye vinamasi vya Kyoga hadi kiunoni. Giza la anga za mbali ni totoro. Ukimya wa chombo kilichozimika injini ni jii. Abiria waliogandishwa kwa safari ya miaka mia moja wamelala fofofo. Mtu angeombwa abuni lugha kwa ajili ya vibonzo, angetengeneza kitu kama hiki, na sisi tumekifungia ndani ya karatasi ya mtihani.

Nakubali kwamba kazi si kumwaga tu Kiswahili mahali palipokuwa na Kiingereza. Kiputo kina umbo. Maneno ya Kiingereza ni mafupi na mengi, yanajipanga vizuri katika kiputo chembamba. Ya kwetu ni machache na marefu, kwa sababu kitenzi kimebeba ukoo mzima mgongoni. Chukua neno hawatatukamata. Kwa Kiingereza ni maneno matano, kwetu moja. Likiingizwa kwa nguvu katika kiputo kilichochorwa kwa Kiingereza, mwandika herufi atalikata ovyo, hawa juu, tatu katikati, kamata chini, na msomaji ataanza kuhesabu watu watatu. Nimeona vibonzo vilivyotafsiriwa hivyo na vinachosha macho. Ndiyo maana nasema ukurasa upangwe kwa Kiswahili tangu mchoro wa kwanza wa penseli. Tafsiri iliyoletwa mwishoni, fedha zikibaki, kwa kawaida haziji kubaki.

Kuna waliofanya hivyo katika lugha yao, wakiwa maskini na wakiwa huru kuliko hawa wa leo. Mwaka 1957, mjini Buenos Aires, Héctor Germán Oesterheld alikuwa ameanzisha pamoja na ndugu yake kampuni ndogo, Editorial Frontera. Katika gazeti lao la kila wiki, yeye akiandika na Francisco Solano López akichora, kilianza kutoka kibonzo cha El Eternauta. Marafiki wanacheza karata nyumbani usiku. Nje theluji inaanza kuanguka, theluji yenye mwanga, na kila inayemgusa anakufa. Ni uvamizi kutoka angani. Haukuangukia New York wala London. Uliangukia mitaa ambayo msomaji aliipita asubuhi akienda kununua gazeti lenyewe, na watu walioupinga walisema Kihispania cha mtaa wao. Oesterheld aliandika kana kwamba msomaji aliyeko mbali hayupo, au kama yupo, atajifunza. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 2015, karibu miaka sitini baadaye, na kitabu hakikuwa kimepungukiwa kitu. Kwao kilikuwa kimekuwa mali ya taifa, kiasi kwamba kilimponza mwandishi: aliendelea kukiandika upya kikiwa na siasa kali zaidi, na mwaka 1977 watawala wa kijeshi walimkamata, akatoweka. Mabinti zake wanne nao walitoweshwa.

Simulizi hiyo naileta ili nipime neno huru. Wachapishaji wetu wanajiita huru kwa sababu hawamilikiwi na Marvel wala DC. Image Comics, iliyoanzishwa mwaka 1992 na wachoraji saba waliotoka Marvel, ilifanya uhuru uwe na maana ya haki: aliyebuni ndiye mwenye mali. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mimi nikiwa msomaji nisiye na hisa katika kampuni yoyote, uhuru ninaoutaka ni wa mtu kuamua anazungumza na nani. Dark Horse iliitwa huru tangu 1986, na mwisho ikanunuliwa na kampuni kubwa ya michezo ya kompyuta ya Sweden. Umiliki huja ukaondoka. Oesterheld alijua anazungumza na nani. Mchapishaji wa Nairobi au Kampala anayetoa kitabu cha bunilizi za kisayansi kwa Kiingereza, kisha akaweka habari zake zote mbele ya wanunuzi wa Atlanta na Toronto, ni huru dhidi ya Marvel na mtumwa wa duka lile lile Marvel anakouzia.

Soko! Ndilo neno la mwisho la kila mjadala huu. Kiswahili hakina soko. Kwa makadirio ya UNESCO kinazungumzwa na watu zaidi ya milioni 200, lakini nikubali kwamba wasemaji si wanunuzi. Basi tutazame vibonzo vyenyewe. Watanzania wamesoma Sani na kumcheka Kingo wa James Gayo kwa Kiswahili miaka mingi. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, mzee aliyedumu kuliko serikali kadhaa. Tangu 2010 Kenya imekuwa na Shujaaz, kibonzo kilichosambazwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Shujaa wake, Boyie, ni kijana asiye na kazi aliyejitengenezea kituo cha redio chumbani kwake na kuteka mawimbi. Anasema Sheng. Wahadhiri wangu wangemrudishia insha yake ikiwa nyekundu kotekote, lakini vijana walimfuata, na mwaka 2012 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mtu atasema Shujaaz kilibebwa na wafadhili. Ndiyo, kilibebwa. Vibonzo vya Kiingereza navyo vinabebwa, na michango ya watu wa mtandaoni na jamaa walioko ughaibuni, ila hatuuiti huo ufadhili, tunauita soko.

Gharama pia inasemwa vibaya. Kitabu cha rangi huchapwa kwa mabamba manne: samawati, majenta, manjano na jeusi. Maneno huwekwa katika bamba jeusi peke yake. Wafaransa na Wabelgiji wamekuwa wakitumia hila hii miaka mingi: rangi zinachapwa kwa pamoja kwa nakala nyingi, kisha kila lugha inabadilishiwa bamba lake jeusi. Kwa hiyo toleo la Kiswahili linalotoka siku moja na la Kiingereza si kitabu cha pili cha kulipia upya. Na hapa ninamjibu pia ndugu yangu Mganda anayeniuliza kwa nini nisipiganie Luganda, au Mwacholi anayeuliza kuhusu Acholi. Napigania bamba jeusi. Likishabadilika mara moja kwa Kiswahili, ambacho kinavuka mipaka hadi Bujumbura, Goma na Lubumbashi na kuwapa mchapishaji idadi ya kutosha, kulibadilisha mara ya pili kwa Luganda ni kazi ya wiki chache. Bila ya mara ya kwanza hakuna ya pili.

Sitawaacha watu wa nyumbani kwangu, yaani idara za Kiswahili. Tunafundishwa kwamba bunilizi za kisayansi ni ngeni katika fasihi yetu. Mbona Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995? Humo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anapakiwa katika chombo na kurushwa, na badala ya kufa anaifikia nchi ambayo jina lake, ukilitamka taratibu, linatuambia kwamba wale ni sisi. Tunaisoma kuwa riwaya ya kisiasa, tunaandika kuhusu utopia na ujamaa, na chombo chenyewe tunakipita kana kwamba ni basi la kwenda Masaka. Kuhusu vibonzo, hata kuvipita hatuvipiti, maana havimo kabisa katika orodha. Mwanafunzi akitaka kuandika tasnifu juu ya kibonzo ataulizwa fasihi iko wapi. Halafu mchapishaji akija kutafuta mtu wa kumwandikia mazungumzo ya Kiswahili yanayotamkika, ya vijana, yenye mzaha, anatukuta sisi, tunaojua kuchambua ngeli kumi na nane lakini hatujawahi kuandika ugomvi wa watu wawili katika viputo sita.

Wachoraji tunao. Barly Baruti wa Kisangani ametambulika Ulaya kwa miongo. Pat Masioni, Mkongo mwingine, alichora baadhi ya matoleo ya Unknown Soldier, kibonzo cha Kimarekani kilichoihusu Uganda ya kaskazini wakati wa vita. Ni kazi nzuri na ya kutisha. Lakini iangalie ratiba: wageni walipotuchora, walichora vita vyetu, sisi tunapochora kesho yetu, tunaiandika kwa lugha ya wageni. Leo yetu, ya bodaboda na mgao wa umeme na mabishano ya kwenye teksi, inabaki bila mchoraji na bila lugha, ingawa ndiyo ghala ambalo bunilizi zote za kisayansi huchota.

Ninachodai kwa wachapishaji huru wa Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam si kikubwa. Kitabu kimoja. Kurasa sitini zinatosha. Kiandikwe kwa Kiswahili kabla penseli haijagusa karatasi, kiwe na Kiswahili cha Kampala kwa watu wa Kampala na cha Lamu kwa mtu wa Lamu, na milio yake yote iwe tanakali zetu. Mwandika herufi awe anaisoma lugha anayoiandika. Toleo la Kiingereza likitakiwa, lifuate, na mtafsiri wake alipwe na kutajwa kwenye jalada. Nasi wa idara, kabla ya kwenda kuomba, tuwe na mazungumzo tayari. Katika darasa letu tuko kumi na wanne, na nimekwisha kuwaandikia wenzangu kuwaomba kila mmoja alete kurasa nne muhula huu, kisa chochote kinachotokea baada ya mwaka 2100. Wawili wamekubali. Mmoja ameuliza kama roboti anaingia katika ngeli ya kwanza au ya tisa, na tumebishana juu ya hilo kwa saa nzima, kwa Kiswahili.